Lita 360 za Bahari, Kawangware

Mtu wa kipato kidogo akitamka kwamba anataka kufuga samaki wa baharini, kila mjuzi humpa ushauri uleule: anza kidogo. Nunua katangi ka lita 20, weka samaki mmoja, jifunze, ukipata nafasi utapanda. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, na sisi tunaoishi Kibera na Kawangware tumeusikia katika kila jambo. Anza na kibanda. Anza na kuku watatu. Anza na mkopo wa elfu mbili. Katika maji ya chumvi ni ushauri wa kumpotezea mtu pesa, na kadiri ninavyozidi kuliangalia tangi letu ndivyo ninavyoshuku kwamba hata kwenye nchi kavu haufai sana.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kila kilo ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Maji yanapogeuka mvuke, kinachoondoka ni maji matupu. Chumvi haiendi popote. Sasa chukua tangi la lita 20. Lipoteze lita 2 kwa siku chache za jua la Januari, na maji yaliyobaki yatakuwa na karibu gramu 39. Kwa kiumbe aliyeumbiwa bahari, ambayo chumvi yake haibadiliki leo wala kesho, hilo ni pigo. Lita hizohizo 2 zikitoka katika tangi la lita 360, chumvi inapanda hadi 35.2, na kipimo cha bei nafuu hata hakioni tofauti. Chakula nacho ni hivyo. Kipande cha kamba kilichosahaulika nyuma ya jiwe kikioza, sumu yake katika tangi kubwa inagawanywa kwa maji mengi mara 18 kuliko katika lile dogo. Baridi ya usiku, samaki aliyekufa bila kuonekana, mtoto aliyetia mkono wenye sabuni: kila mkosi una makali yaleyale, ila maji mengi huyafanya butu.

Udogo wa namna hii sisi tunaujua kwa jina lake. Tunauita kadogo. Mafuta ya kupikia ya shilingi ishirini yanayopimwa kwa kikombe, sukari iliyofungwa kwenye kikaratasi, sabuni ya kukatwa, tokeni za stima za hamsini. Mwisho wa mwezi, anayenunua kadogo amelipa zaidi ya mtu wa Lavington aliyebeba mtungi mzima wa mafuta kutoka supamaketi, na Lavington iko ng'ambo ya barabara tu. Maji ndiyo yanayouma zaidi. Anayechota Kibera kwa mtungi wa lita 20 hulipa, kwa kila lita, mara kadhaa ya anacholipa mwenye bomba ndani ya nyumba kule Lang'ata. Wapo wanaosema tunanunua hivyo kwa sababu hatujui kupanga. Huo ni uongo mtupu. Mama anayegawa shilingi mia mbili kuwa unga, mboga, makaa na nauli ya mtoto anapanga kwa makini kuliko mhasibu yeyote ninayemjua. Kinachomponza ni kwamba tangi lake ni dogo. Homa ya usiku mmoja au mvua siku ya soko, mambo ambayo kwingine hupita bila kuacha alama, kwake yanapandisha chumvi hadi 39.

Kwa hiyo tulipoamua kuweka tangi la bahari, tuliamua liwe kubwa, na kwa kuwa hapakuwa na mmoja wetu mwenye uwezo wa kubwa, likawa la chama.

Chama chetu ni cha kawaida. Kilianza na mambo ya mazishi na karo. Kuna kinyozi, fundi wa vioo na aluminiamu, mama anayeuza sukuma wiki, utingo wa lori la Mombasa, wanawake wawili watatu wanaokaanga samaki, na mimi mwalimu wa sayansi. Nusu ni watu wa Kibera, upande wa Makina na Olympic. Nusu ni wa Kawangware, upande wa Gatina. Tuna chumba cha chini tunachokodi Kawangware, ambamo watoto wa wanachama husomea jioni. Nilitaka tangi kwa ajili yao. Samaki anayejulikana kwetu ni wa ziwa: omena, mbuta, na zaidi ya wote mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki viwandani Kisumu nyama ikishachongwa kwenda ng'ambo, ikaletwa Nairobi kukaangwa kando ya njia. Ni mtamu, sikatai. Lakini mtoto wa darasa la saba anayeishi katika nchi yenye pwani ndefu, anayeimba kuhusu Mombasa, hajawahi kuona samaki wa mwambani akiwa hai. Mombasa iko kilomita 480 hivi kutoka hapa, na nauli ya familia nzima ni kodi ya mwezi.

Kwa nini Kawangware na si Kibera? Tulibishana. Chumba tulichopewa Makina kilikuwa kizuri na cha bei nafuu, lakini kiko karibu na reli, na gari moshi linapokatiza Kibera vikombe huteremka kwenye rafu. Hakuna aliyetaka kuona kioo kikicheza hivyo huku kimebeba bahari. La pili ni stima. Katika ploti nyingi mwenye nyumba hutoza kila chumba kiasi kimoja na kupiga marufuku koili na pasi. Hita ya tangi ni koili iliyovaa kioo. Ya wati 300 ikiwaka nusu ya siku inakula yuniti 3 na nusu, na hakuna mwenye ploti atakayeamini kwamba ni ya samaki. Chumba cha Kawangware kina mita yake ya tokeni. Hapo ubishi ukaisha.

Kazi ya kwanza ikawa ya fundi wa vioo. Mimi nilikuwa na michoro yangu. Yeye alikuwa na swali moja tu.

"Mwalimu, linaenda juu au linaenda kando?"

Nikamwambia kando. Akacheka, akasema nimemwokolea pesa. Wateja wengi wanataka tangi linalosimama kama kabati kwa sababu linajionyesha. Lakini maji hayasukumi kioo kwa wingi wake. Yanasukuma kwa kina chake. Tangi la kina cha sentimita 40 linakandamiza kioo cha chini kwa nguvu ileile, liwe na urefu wa mita moja au mita kumi. Ukienda juu unahitaji kioo kinene, na bei ya kioo hupanda kwa unene. Ukienda kando unaongeza maji bila kuongeza unene sana. Tukafanya sentimita 150 kwa 60 kwa 45, maji yakomee 40. Ndipo zikapatikana zile lita 360.

Kioo chenyewe, cha milimita 10, kilitoka kwenye kabati za maonyesho za duka lililofungwa Ngong Road. Fundi alikagua kipande baada ya kipande, akitafuta alama kwenye kona, kwa sababu kioo kilichochomwa kiwandani kwa ajili ya usalama hakikatiki: ukikipitisha almasi kinalipuka kuwa punje. Alivitenga vitatu vya namna hiyo bila kusema neno, akavirudisha kwa muuzaji, akadai punguzo kwa usumbufu. Nilijifunza mengi siku hiyo kuhusu kununua vitu vilivyotumika. Soko la Toi limewafunza watu wetu hivyo kwa miaka mingi: shati la mtumba hulivai machoni, unaligeuza ndani nje, unavuta mshono, unanusa kwapa, ndipo unauliza bei.

Kioo, maji na mawe kwa pamoja vinakaribia nusu tani, kwa hiyo stendi ni mawe ya Ndarugo yaliyopangwa kavu, juu yake ubao mnene, juu ya ubao godoro jembamba la sponji. Mgongo na mbavu za tangi zimevikwa maboksi ya foamu, yale yanayoleta samaki wa barafu mjini na kutupwa nyuma ya hoteli. Hilo ndilo lililopunguza kazi ya hita kuliko kitu kingine chochote tulichonunua, nalo hatukulinunua.

Mawe ya ndani yana kisa. Tangi la bahari halichujwi kwa sponji peke yake; linachujwa na mawe yenye vitundu, ambamo bakteria hujenga makao. Wenye pesa huagiza mawe hai. Sisi tulipata vifusi vya machimbo ya upande wa Kilifi, mabaki ya mawe ya kujengea ambayo pwani hukatwa kutoka kwenye matumbawe ya kale, mwamba uliokuwa chini ya bahari zaidi ya miaka laki moja iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Ni jiwe lilelile lililojenga Lamu, na ambamo Wareno walichonga Fort Jesus kuanzia 1593. Tuliyasugua, tukayaloweka, tukayakausha. Na nikiwa nimepiga magoti kwenye sakafu nikiyapanga, nilikumbuka kwamba saruji ya Bamburi nayo imetengenezwa kwa chokaa ya matumbawe hayohayo tangu 1954. Nusu ya vyumba vya Nairobi vimesimama juu ya bahari iliyosagwa. Watoto walikataa kabisa kuniamini.

Maji yalikuja kwa lori. Utingo wetu mzaliwa wa Likoni alijaza mitungi 18 ya lita 20 upande wa Kikambala, na alitupa masharti yake kama mtu anayedai mahari. Huchoti maji yakipwa, maana hapo unachota takataka za ufukweni, unangoja yajae. Huchoti karibu na mto wala mkono wa bahari unaopokea maji ya mji. Huchoti mvua za masika zikiwa zimenyesha. Mtungi uliowahi kubeba mafuta ya taa hauoshwi ukasafika, kwa hiyo usimdanganye mtu. Gharama ya kupandisha mitungi hiyo ilikuwa ndogo kuliko chumvi ya kopo iliyoagizwa ng'ambo, ile ya kuchanganya mwenyewe, ingawa ya kuongezea kila mwezi tunanunua hiyo ya kopo, kwa sababu lori haliji kwa ratiba ya samaki.

Kuna waliouliza kwa nini tusinunue tu gunia la chumvi ya kawaida, ilhali Kenya inavuna chumvi nyingi tu kule Gongoni. Sodiamu na kloridi, ambazo ndizo chumvi ya mezani, ni takriban asilimia 85 ya chumvi ya bahari. Iliyobaki ni magnesiamu, salfeti, kalsiamu, potasiamu na vikorokoro vingine, na kiwanda cha chumvi kazi yake ni kuviondoa. Samaki ataishi kidogo katika chumvi ya mezani. Kaa na konokono hawatakaa.

Maji matamu ya kufidia yanayogeuka mvuke nayo yalileta mjadala. Mtu wa Kibera akisikia maji ya bure anafikiria mvua, na mvua yetu hupita kwenye mabati. Mabati yamepakwa zinki. Zinki ikiingia tangini huwaua wasio na uti wa mgongo kabla samaki hajahisi lolote. Maji ya bomba yana klorini. Ya visima vya Nairobi mengi yana floraidi kupita kiasi. Suluhisho lilikuwa kona ya barabara: maduka ya kujaza maji ya kunywa, yenye mashine za kuchuja mpaka kusibaki kitu. Unabeba mtungi wako, unalipa kwa lita, basi. Wajuzi wa mitaa ya juu hununua mashine nzima kwa kazi hiyo. Hapa huduma hiyo inauzwa kadogo, na hii ni mara moja ambapo kadogo imetufaa.

Kisha tukakaa na tangi tupu.

Sijui kama nitaeleza vizuri jinsi kipindi hicho kilivyokuwa kigumu kwa chama. Pesa zimetoka, stima inalika, maji yako pale yamekuwa na wingu la maziwa, na ndani hakuna kinachoogelea. Tulitupa kamba mmoja akaoza. Uozo hutoa amonia. Kundi moja la bakteria hula amonia na kutoa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hula naitraiti na kutoa naitreti, ambayo samaki huivumilia. Makundi hayo hayanunuliwi kwa haraka. Huja yenyewe, hujizidisha yenyewe, na kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita. Kila jioni nilitia matone ya dawa kwenye kichupa, nikasoma rangi, nikaandika kwenye daftari, watoto wakiwa wamenizunguka.

"Mwalimu, samaki wako wapi?"

"Wanakuja."

"Na hao wanaokula amonia tunaweza kuwaona?"

"La."

"Basi unajuaje wapo?"

Hilo ndilo lilikuwa somo bora la sayansi nililowahi kufundisha, na sikulipanga. Tukachora grafu ukutani: mstari wa amonia ukapanda, ukaanza kushuka, wa naitraiti ukapanda nyuma yake. Siku mistari yote miwili ilipolala chini, binti mmoja wa darasa la sita alipiga makofi kwa sababu ya grafu. Watu wazima waliendelea kutucheka. Jirani mmoja alisema tumechota bahari tukasahau samaki.

Hapo ndipo mweka hazina wetu, yule mama wa sukuma wiki, alipoelewa tangi kuliko mimi. Alisema hii ndiyo ile miezi ya mwanzo ya chama, ambapo watu wanachanga tu na hakuna anayekopa. Wengi huondoka hapo. Wanaona pesa zinaingia na hazitoki, wanadhani wanaibiwa. Lakini ukikopesha kabla akiba haijashika, mkopaji wa kwanza akichelewa, chama kimekufa. Ameviona vikifa hivyo, Kibera na Kawangware pia.

Samaki wa kwanza walikuwa wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wale ambao watoto wote huwaita Nemo kwa sababu ya filamu ya 2003. Walikuja kwa basi la usiku ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni, kutoka kwa muuzaji mwenye leseni Mombasa. Pwani yetu ina biashara ya samaki wa mapambo ya miaka mingi. Wavuvi hupiga mbizi kwa nyavu ndogo, na wengi wa samaki hao hupaa moja kwa moja kwenda Ulaya na Marekani, juu ya vichwa vyetu. Nasema mwenye leseni kwa sababu njia ya mkato ipo. Utingo aliniambia yuko kijana anayeweza kuniletea matumbawe hai usiku. Nikakataa, na si kwa kuogopa sheria tu, ingawa ndani ya hifadhi kama Watamu au Kisite-Mpunguti hata kombe tupu huruhusiwi kuondoka nalo. Tangi la watoto lililojazwa kwa wizi lingewafundisha nini?

Kuna jambo moja la Nairobi ambalo halimo katika mashauri ya watu wa pwani wala wa Ulaya. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, msukumo wake ni kama asilimia 80 ya ule wa Mombasa, na oksijeni inayoyeyuka majini hupungua kwa kiasi hichohicho. Maji ya chumvi ya nyuzi 26 yakiwa usawa wa bahari hushika oksijeni takriban miligramu 6.6 kwa lita. Hapa kwetu ni 5 na kidogo. Samaki wa mwambani tumemleta mlimani. Kwa hiyo tangi pana lililotuokolea pesa ya kioo lilitufaa mara ya pili, maana uso wa maji ndio mlango wa oksijeni, nao kwetu ni mkubwa. Pampu zinauvuruga uso huo usiku na mchana.

Mpaka stima ipotee. Na stima hupotea. Jioni moja ya Julai ilipotea mtaa mzima wakati wa chakula. Kinyozi alikuja na betri yake, ile anayonyolea watu giza likiingia, akafunga pampu ndogo ya hewa. Wanawake wa samaki wakaleta mablanketi. Tulilivika tangi kama mgonjwa. Nilikaa na kipimajoto na tochi ya simu. Ndani ya saa ya kwanza hakukuwa na kitu cha kuandika: nyuzi 26. Saa ya pili, 25 na nusu. Nje kulikuwa na baridi ya kukunja vidole. Stima iliporudi kabla ya alfajiri tangi lilikuwa limepoteza nyuzi zisizofika 3, na wale wawili walikuwa kwenye kona yao wakipepea mapezi kama watu wasiojua kilichotokea. Pembeni, kwenye ndoo ya lita 20, nilikuwa nimeacha maji ya chumvi ya kubadilishia, ya joto lilelile la jioni. Asubuhi yalikuwa baridi kama ya mto. Niliwaonyesha watoto ndoo na tangi, nikawaacha waguse vyote viwili.

Ningeweza kukomea hapo nikisema kubwa hushinda. Lakini siko mbali na Nairobi Dam, na bwawa hilo halinipi ruhusa.

Lilichimbwa 1953, kando ya Kibera upande wa Lang'ata, liwe akiba ya maji ya jiji. Mzee mmoja Mnubi wa Makina aliniambia anakumbuka mashua za matanga zikizunguka pale wikendi, na vijana wakivua. Leo ukisimama kwenye tuta huoni maji. Unaona magugu, kijani mpaka ng'ambo, na sehemu nyingine mtu amelima. Lilikuwa kubwa mara elfu na elfu ya tangi letu. Lilichopewa kila siku kilikuwa zaidi: maji machafu ya mitaa isiyojengewa mifereji, na taka za mto unaoliingia. Ni amonia ileile ya kamba wetu, naitreti ileile, ila hapakuwa na mtu wa kubadilisha maji. Na kabla mtu hajawalaumu wakazi wa Kibera, aulize mabomba ya maji taka yalijengwa kuelekea wapi, na nani aliamua yasipite kwao.

Ukubwa, kumbe, hununua muda. Haununui zaidi ya hapo. Hata bahari yenyewe, tangi ambalo babu zetu wa pwani waliamini halijai wala halipungui, ilionyesha ukomo wake 1998, maji ya Bahari ya Hindi yalipopanda joto kupita kawaida kwa wiki kadhaa na matumbawe ya Kenya yakageuka meupe, sehemu kubwa yakafa. Ni nyuzi moja au mbili tu, zile ambazo sisi tulizipoteza usiku mmoja bila hasara. Lakini tangi letu lilirudishiwa joto lake asubuhi, na mwamba haukuwa na wa kuupoza. Mwaka 2024 dunia ilishuhudia tena matumbawe yakipauka katika bahari zote kuu.

Watu walioyaelewa haya mapema ni wavuvi wa Kuruwitu, kule Kilifi. Samaki walikuwa wamepungua kwa uvuvi wa kupita kiasi na kwa ukusanyaji wa samaki wa mapambo, na hilo la pili nalisema huku nikitazama tangi langu. Walianzisha umoja wao 2003, na miaka miwili baadaye wakatenga hekta 30 hivi za bahari yao wenyewe, wakakubaliana asiingie mtu na nyavu. Hakuna aliyewalazimisha. Wavuvi wasio na kitu waliamua kuacha akiba majini huku nyumbani watoto wanataka kula, na samaki wakarudi. Ninapowasimulia wanachama habari ya Kuruwitu huwa sielezi zaidi. Kila aliyewahi kukaa mkutano wa mikopo anajua nguvu inayotakiwa kusema hapana kwa mtu ambaye shida yake ni ya kweli.

Hivi majuzi shida yetu ilikuwa kangaja wa buluu. Kinyozi alimwona kwenye simu: mwili wa buluu, uso mweusi, pezi la mgongoni la manjano kama limepakwa jana. Ni samaki wa Bahari ya Hindi hii hii, si mgeni. Kinyozi akajenga hoja nzuri. Watoto wamezoea wale samaki wawili wa rangi ya chungwa. Tangi ni kubwa, tumelisifu wenyewe kwa ukubwa. Wageni wakija wataona kitu. Yeye atalipa nusu ya bei mfukoni mwake. Watoto wote walikuwa upande wake, na moyoni mwangu na mimi nilikuwa huko.

Mweka hazina aliomba daftari la naitreti, akalifungua mbele ya wote. Akaniuliza kangaja anakua mpaka wapi. Nikasema hupita sentimita 20, na huogelea siku nzima. Akauliza anakula kiasi gani. Nikasema kutwa. Akauliza tunabadilisha maji mara ngapi sasa, na nani analipia chumvi ya kopo, ambayo imepanda bei.

"Baba, mimi sikatai samaki wako," alimwambia kinyozi. "Ninauliza maji yako wapi."

Ikaamuliwa, baada ya maneno mengi, kwamba pesa ya kangaja inunue kwanza dramu la plastiki la lita 200, lililobeba chakula na si kemikali, likae chini ya stendi na kuunganishwa na tangi kwa bomba na pampu. Tutakuwa na lita 560 badala ya 360, tuzijaze, tuzipe muda, tupime. Mistari ikibaki chini mpaka Disemba, suala la samaki litarudi mkutanoni. Dramu limeshafika. Lilikuwa la juisi na chumba chote kinanukia maembe. Fundi wa vioo anasema kutoboa plastiki si kazi yake, fundi wa mabomba anasema hajawahi kutoboa kwa ajili ya samaki, na kinyozi, ambaye bado amenuna, amesema yeye ana drili lakini haitoi bure.